Rauta ya Sista Angelina

Kijiwe chetu cha Lipangalala kiko ukutani kwa Agapiti, na usidhani tulipachagua kwa ajili ya kivuli. Kivuli hakuna. Jua la saa nane linatupiga kisogoni mpaka kahawa haina haja ya mkaa. Zamani tulikaa kwa fundi baiskeli, penye upepo mzuri tu, lakini Sista Angelina, dada yake Agapiti aliye mtawa huko Italia, alimtumia mama yao kisahani cha kufunga juu ya bati na rauta ya kuweka sebuleni. Siku ile ile tuligundua kwamba waifai inapenya ukuta. Tukabeba benchi wenyewe, tukahama. Paswedi ni jina la Sista, herufi ndogo zote, na Lipangalala nzima inalijua.

Ijumaa ninayoisema ilikuwa ya mwezi wa tano. Mpunga umeshaanza kuinama, nusu ya mji iko mashambani inafukuza ndege, na sisi wengine tuko benchini tunafukuza usingizi. Wiki iliyotangulia gari la matangazo lilikuwa limepita na kipaza sauti: vifaa vyote vya intaneti ya nyumbani vilivyotengenezwa nje na kuingia bila mhuri wa ukaguzi vipelekwe ofisi ya kata, mwisho Ijumaa hiyo, kwa usalama wa taarifa binafsi za wananchi. Vitachunguzwa, na vikionekana salama vitarudishwa. Lini, gari halikusema. Rauta ya Sista haina mhuri, ilikuja ndani ya begi la padri.

Agapiti alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi. Kila jioni mama yake, Bibi Marsiana, alikuwa anasali rozari na binti yake kwa video. Walianza kwa kutaja nia, kama wafanyavyo kwenye jumuiya ya kanisa: tunamwombea fulani anaumwa, tunamwombea fulani aache pombe. Tangu gari lipite, bibi akikaa mbele ya simu anatikisa kichwa tu, anaogopa kusikika. Sista anasali peke yake, salamu zote hamsini, mpaka mwisho.

Wa kwanza kumvaa alikuwa Hilari, tunamwita Kamishna kwa sababu alikuwa mgambo na hajakubali kwamba alistaafu.

Kamishna: Agapiti, ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Peleka hicho kidude ulale kwa amani.

Agapiti: Na mama atasali na nani?

Kamishna: Si na jumuiya?

Agapiti: Jumuiya wote wako mashambani, juu ya madungu, wanapiga debe ndege waondoke. Na hata wangekuwepo, si Angelina hao.

Kamishna: Basi anunue bando apige kwa simu.

Agapiti: Bando la kuonana uso kwa uso, kila jioni, mwezi mzima? Mimi natumia kitochi, Kamishna. Usinichekeshe, sina nguvu ya kucheka.

Festo alikohoa kidogo, kama anayetaka kufungua mkutano. Anauza chanjo za kuku, kwa hiyo jina lake ni Dokta. Simu yake ilikuwa mkononi, imejaa waifai ya Agapiti mpaka juu.

Dokta: Wazee, hili jambo nimelisoma. Hizi rauta zinahesabu watu waliomo ndani. Mkiwa wanne, inajua mko wanne. Mmoja akienda chooni, inajua mko watatu.

Yosefina muuza kahawa alikuwa anapepea mkaa. Hapendi kuinua kichwa kwa maneno yetu, ila siku hiyo aliinua.

Yosefina: Na kujua nani yuko chooni kunamsaidia nani?

Dokta: Taarifa hiyo, mama. Taarifa ni mali.

Yosefina: Basi choo changu ni tajiri.

Dokta: Cheka tu. Umeisoma hiyo habari wewe?

Yosefina: Wewe umeisomea wapi?

Dokta: Humu humu.

Akaonyesha simu. Wote tulikuwa tumeshika za kwetu. Pantaleo, mvuvi wa mto, tunayemwita Kambale kwa sababu ukimbana kwa hoja anateleza, akapiga goti lake.

Kambale: Aisee! Sasa ndiyo nimeelewa. Mwaka jana nimelala na mke wangu, nikamwambia taratibu, kesho tutoe gunia mbili za mpunga tulipe ada. Asubuhi nafungua mlango, mnunuzi huyo, amesimama na bei yake ya kuua. Nani alimwambia?

Yosefina: Chumbani kwako hakuna rauta, Pantaleo.

Kambale: Ya Agapiti inafika. Ikija inaleta mtandao, ikirudi inarudi na maneno.

Mkewe ndiye aliyekwenda kwa mnunuzi usiku ule ule, na hilo tunalijua wote isipokuwa yeye. Nilikunywa kahawa yangu.

Kamishna: Hata mnunuzi ni mdogo. Nyie mnaangalia chini. Hawa wa nje wanataka kujua mpunga wa bonde hili uko kiasi gani. Kuanzia Mngeta mpaka huku, kila ghala. Wakishajua, wanazuia mvua.

Dokta: Hapo umenena.

Yosefina: Wanazuia mvua kwa rauta?

Kamishna: Kisahani kile juu ya bati unadhani kinaangalia nini? Kinaangalia mawingu.

Kambale: Masika haya imenyesha mpaka nyumba yangu imeingia kamongo.

Kamishna: Ndiyo ujue wanafanya majaribio.

Kambale: Sasa Kamishna, wao ni wao wa nje au wao wa ndani?

Kamishna: Wa nje walikuwa wanasikiliza. Wa ndani wamekasirika kwamba wa nje wanasikiliza, ndiyo maana wanakusanya.

Kambale: Ili wasikilize wao?

Kamishna: Sijasema hivyo. Usininukuu, nipo karibu na rauta.

Akashusha sauti kweli, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nilikuwa nimechoka. Tunalalamika kuhusu mifereji ya Lipangalala tangu sijaota mvi, kwa sauti kubwa, mikutanoni, na hakuna sikio lililotusikia. Leo naambiwa kuna masikio kila kona.

Agapiti: Nilifika dukani jana. Zenye mhuri zipo. Nikauliza zimetengenezwa wapi, wakaniambia nje.

Dokta: Ulitaka zitengenezwe Mang'ula?

Agapiti: Nilitaka kujua tofauti.

Dokta: Tofauti ni mhuri.

Agapiti: Ndicho alichonijibu muuzaji.

Kambale: Hebu subirini. Dawa ipo. Bibi asali kwa Kipogoro! Kuna mashine gani inayojua Kipogoro?

Kamishna: Akiajiriwa Mpogoro mmoja tu huko, mmekwisha.

Dokta: Na lazima atapatikana. Wapogoro wako kila mahali.

Agapiti: Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, mwanangu, Kiswahili ni cha watu wote, wakikisikia basi. Ila Kipogoro ndicho ninachosemea mambo yangu. Wakisikia hicho nitabaki na nini?

Yosefina aliongeza kahawa kwenye vikombe bila kuulizwa.

Agapiti: Mke wangu naye kamaliza. Jumamosi kamwita katekista anyunyizie kile kidude maji ya baraka, ili kama kuna kitu humo kitoke. Katekista si mchoyo wa maji. Yakaingia kwenye vitundu vya pembeni, rauta ikazima. Mama akafikiri ni shetani ametoka. Ikakaa imezima hadi Jumatatu, tumeianika kama dagaa.

Dokta: Kumbe! Ndiyo maana Jumapili sikuona mechi!

Agapiti: Samahani, Dokta.

Dokta: Hapana, lakini mngetuambia. Mtu anakaa pale nje kwenye jua, anatafuta mtandao, kumbe ninyi mna mambo yenu ndani.

Agapiti alimtazama. Nilidhani atamtukana, na mimi ningemsaidia. Lakini aliongea polepole tu, kama mtu anayeweka mzigo chini.

Agapiti: Jamani, nimechoka. Nikikipeleka, mama amempoteza Angelina. Watawa wa shirika lake hawaji likizo hovyo, na mama umri umekwenda. Nisipokipeleka, mama anakaa kimya anatazama kioo, na Angelina analia huko anauliza, nimemkosea nini? Jana usiku kanipigia mimi, kaniuliza mama ana nini. Nikamwambia hana kitu, ni rauta.

Kamishna: Peleka. Amri ni amri.

Dokta: Usipeleke. Wakiirudisha itakuwa imeshawekewa ya kwao ndani.

Kambale: Peleka, ila bakiza waya.

Yosefina: Mama mwenyewe anasemaje?

Agapiti: Mama atasema nini kuhusu rauta, Yosefina? Yeye mpaka leo anaiamkia asubuhi.

Ghafla Dokta alitikisa simu yake. Kambale akatikisa ya kwake. Na mimi ya kwangu, mtandao ulikuwa umekata. Kamishna akatazama juu kwenye kisahani, akarudisha macho chini haraka.

Kamishna: Wameanza.

Hawakuwa wameanza. Mlango wa mbele ulifunguka akatoka Bibi Marsiana, amevaa gauni la kanisani, kifuani amekumbatia rauta ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, waya unaburutika nyuma. Alikuja polepole, mkono mmoja unashika ukuta. Tulisimama wote.

Sote: Shikamoo mama.

Bibi: Marahaba, wanangu. Nani ananisindikiza ofisini?

Agapiti: Mama, rudi ndani. Ningekwenda mimi.

Bibi: Ungekwenda lini? Nawasikia tangu mchana.

Kamishna alivua kofia. Mbele ya bibi huwa mpole, maana bibi ndiye aliyemfundisha komunyo ya kwanza.

Kamishna: Mama, umeamua vizuri. Hicho si kitu cha kukaa nacho. Kinasikia kila neno.

Bibi: Kila neno, Hilari?

Kamishna: Kila neno, mama. Hata la kunong'ona.

Bibi: Tangu walipotangaza?

Dokta: Tangu siku kilipowashwa, bibi. Kilikuwa kinapeleka tu. Huko nje wanajua, na huku ndani nadhani wanajua.

Bibi alikaa kwenye benchi, mahali alipokuwa amekaa Kambale, akaiweka rauta mapajani. Alipumzika kwanza. Pumzi yake ilikuwa fupi, na mimi niliyekuwa karibu niliona jasho juu ya mdomo.

Bibi: Basi walinisikia wakati wa Kwaresima.

Agapiti: Walisikia nini, mama?

Bibi: Tulipokuwa tunataja nia. Nilimwambia Angelina, leo uniombee mimi. Nilimwambia habari ya tumbo. Kwamba kuna kitu kimeota hapa, kigumu, na usiku silali. Nilinong'ona, nikamwambia asimwambie mtu mpaka nimruhusu. Sasa nyie mnasema walisikia wote, wa nje na wa ndani.

Alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Bibi: Kama walisikia wote, wanangu, mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza naendeleaje?

Kamishna alikunjakunja kofia yake. Dokta alikuwa anatazama ndala zake. Kambale hakuteleza, alibaki amesimama pale pale juani. Mimi niliona aibu, maana dirisha la bibi liko nyuma ya kichwa changu na ukuta wenyewe ni wa tofali moja. Yosefina aliweka birika chini, akaichukua rauta mapajani kwa bibi na kuikunjia waya wake taratibu. Hakuna aliyeuliza saa.

Agapiti alipiga magoti mbele ya mama yake, pale pale kwenye vumbi.

Agapiti: Tumbo gani, mama?

Bibi: Hili.

Akamshika mkono, akauweka chini ya mbavu, juu ya gauni la kanisani. Agapiti aliuacha pale muda mrefu. Uso wake ulibadilika.

Agapiti: Mbona hukuniambia mimi?

Bibi: Ulikuwa huku nje, baba, mnaongea.