Boti Imekwama Kabla ya Mto

MUTUKU: Haloo? Nani mwenzangu?

KORANE: Asalaam… habari ya huko, Mutuku.

MUTUKU: Nzuri. Ni nani?

KORANE: Korane. Wa Iftin, huku Garissa… Haloo? Unanisikia?

MUTUKU: Nakusikia.

KORANE: Banissa iko namna gani?

MUTUKU: Si wewe ndiye ulinitafutia hii Banissa, bwana? Iko tu. Vumbi na ngamia. Ulisema redioni dereva wa boti ya uokoaji afukuzwe Garissa, nikafukuzwa, nikaletwa huku. Sema unachotaka.

KORANE: Walaal, ndugu yangu, mto umefura tena. Dada yangu Lul na watoto wake wako shambani, wamepanda juu ya tuta la mfereji, na maji imewazunguka pande zote. Majirani pia wako pamoja naye. Dereva mpya hashiki simu. Nimefunga trela ya boti kwa pikapu yangu mwenyewe, niko njiani.

MUTUKU: Nani alikufungulia geti la kituo cha boti?

KORANE: Nilipiga kelele mpaka wakafungua.

MUTUKU: Hiyo naamini.

KORANE: Sasa… trela inalia.

(Mtandao unakwaruza.)

MUTUKU: Inalia vipi?

KORANE: Kama mtu anasaga mawe. Wewe unaijua hiyo sauti.

MUTUKU: Mimi? Si ulisema hiyo ni sauti ya meno ya dereva anayeogopa maji?

KORANE: Mutuku—

MUTUKU: Umesimama?

KORANE: Bado natembea pole—

MUTUKU: Simama. Nikisema simama, simama. Ukikanyaga breki, sauti inaongezeka ama inabaki vile vile?

KORANE: Inabaki. Saa zote inasaga tu.

MUTUKU: Shuka. Weka mkono karibu na gurudumu la kushoto la trela. Karibu, usiguse.

KORANE: Ngoja… Yaa, moto. Moto kabisa.

MUTUKU: La kulia?

KORANE: Hii baridi kama chungu ya maji.

MUTUKU: Haya. Zuia magurudumu ya pikapu na mawe, halafu piga jeki upande wa kushoto. Likishainuka shika tairi juu na chini, ulitikise.

(Chuma kinagonga chuma.)

KORANE: Haitingishiki. Imekaa imara.

MUTUKU: Basi beringi ni nzima. Zungusha.

KORANE: Inakataa. Nalazimisha… inazunguka kidogo, inasaga.

MUTUKU: Ni breki imeshikana ndani. Mnarudisha trela kinyumenyume mpaka ndani ya mto, hakuna anayeiosha, matope yanakaukia humo. Niliwaandikia… wacha. Sasa nenda la kulia. Inua, mwambie mtu avute ile breki ya mkono hapo mbele ya trela, wewe uzungushe.

KORANE: Niko peke yangu.

MUTUKU: Basi ivute, uifunge na kamba, urudi uzungushe.

(Kamba inakwaruza chuma.)

KORANE: Inazunguka tu. Nimevuta, nimefunga, na bado inazunguka.

MUTUKU: Umeelewa?

KORANE: Kushoto imeng'ang'ana. Kulia hakuna breki kabisa.

MUTUKU: Ndio hivyo ilikuwa siku ile ya mafuriko, boti ikakosa kushuka mtoni.

KORANE: Wallahi, nilifikiri—

MUTUKU: Najua ulichofikiri, bwana. Garissa yote ilijua. Ati Mkamba ameshusha mikono kwa sababu wanaozama si watu wake. Chukua spana, ingia chini. Kuna waya wa breki unaenda kushoto. Legeza nati yake mpaka gurudumu lizunguke. Na usimwagie maji, lipoe lenyewe.

KORANE: Nikilegeza, si nitakuwa bila breki pande zote?

MUTUKU: Ndio. Njia ni tambarare, nenda mwendo wa punda utafika. Lakini ule mteremko wa kuingia mtoni usishuke na gari. Umeloa, na boti ni nzito. Itakuvuta, utaingia nayo ukiwa umeshika usukani.

KORANE: Sasa boti itaingiaje majini?

MUTUKU: Simamisha juu. Mawe nyuma ya tairi. Fungua trela kwa gari, uifunge na kamba ndefu, watu waishike nyuma, waiteremshe kidogo kidogo. Watu wengi, wenye nguvu.

KORANE: Hivyo tu?

MUTUKU: Hivyo tu.

KORANE: (taratibu) Mutuku. Mbona siku ile hukufanya hivyo? Arbia, yule aliyezama, alikuwa bado hai mpaka saa kumi. Alikuwa anapunga shuka yake, tulimwona. Mbona hukufanya?

MUTUKU: Nilikuwa peke yangu.

KORANE: Ungeita watu.

MUTUKU: Mimi niite watu Iftin? Nani angekuja? Nilimpigia mtu mmoja ambaye akiita, watu wanakuja.

KORANE: Nani?

(Mtandao unakwaruza.)

KORANE: Nani, Mutuku?

MUTUKU: Nilikupigia wewe. Mara nyingi. Hukushika.

KORANE: Mimi siku ile nilikuwa—

MUTUKU: Ulikuwa redioni. Redio ya gari ilikuwa wazi, nilikuwa nakusikia. Huku nakupigia, huku unanitukana.

(Spana inagonga chuma.)

MUTUKU: Umelegeza hiyo nati?

KORANE: Nalegeza. Spana inateleza… ngoja. Imelegea. Inazunguka sasa.

MUTUKU: Haya, nenda.

KORANE: Walaal, mimi sikuona hizo simu. Wallahi sikuona. Ama niliona namba nisiyoijua, nikasema—

MUTUKU: Wacha hiyo.

KORANE: Ngoja, kuna simu nyingine inaingia.

MUTUKU: Lul?

KORANE: Hapana. Ni wale wa redio. Wanataka niongee hewani. Wacha ilie, leo sina mdomo wa redio.

MUTUKU: Washike.

KORANE: Nimesema sitaki.

MUTUKU: Washike, bwana. Iftin yote inasikiliza saa hii. Ita wenye kamba waje kwa mteremko kabla hujafika.

KORANE: Nitasema pia ukweli wako. Nitasema Mutuku ndiye aliyeniambia, na siku ile Mutuku—

MUTUKU: Jina langu liache. Huko lilitajwa vya kutosha.

KORANE: Lakini leo nitalitaja vizuri—

MUTUKU: Korane. Dada yako yuko ndani ya maji. Taja kamba.