Mtoto Asikae Hadi Mahindi Yakomae: Bi. Gladys Wanja Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Gladys Wanja, meneja wa makao yetu ya mahabusu ya watoto karibu na Nchiru, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Februari. Alitoka kwao Kianjokoma akidhani atakaa Meru mwaka mmoja tu. Kimeru chake bado kinatuchekesha.

Alianza kama mlezi wa bweni la wasichana. Wakati huo shamba letu lilijaa mahindi. Watoto waliyapanda, nasi wafanyakazi tukayala kwenye githeri bila kuwaza lolote. Hawa ni watoto wanaongoja kesi, hakuna aliyehukumiwa.

Kisha akaletwa Makandi, msichana wa Timau, aliyeshtakiwa kuiba kuku wa jirani. Mamake, kibarua katika shamba la maua, hakupata ruhusa ya kufika kortini, kwa hivyo kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Makandi alipanda mahindi mvua zilipoanza. Siku moja Bi. Gladys akamkuta akiyavunja, yamekauka. Alikasirika kweli, si kwa mtoto bali kwetu sisi watu wazima tuliomwacha akae msimu mzima.

Alikwenda Timau mwenyewe kumwombea mama ruhusa. Siku ya korti akabeba yale mahindi kwenye kiondo na kuyapanga mbele ya hakimu. Kiongozi wa mashtaka alicheka. Bi. Gladys hakucheka.

"Mheshimiwa," alisema, "haka kasichana ndiko kalipanda haya mahindi. Na kesi hata haijaanza."

Ilisikizwa siku hiyo hiyo, na Makandi akaenda nyumbani na mamake.

Tangu hapo hatupandi mahindi. Tunapanda mboga za kukomaa upesi, sukuma wiki, spinachi na dania, na dania ikipandwa mara ya pili na mtoto yule yule, Bi. Gladys huyo mlangoni kwa karani wa korti. Siku hizi sheria imeweka kikomo cha kumzuilia mtoto. Yeye hakuingoja.

Wakubwa walipomwomba aongeze mwaka mmoja, alijibu kwamba amewakatalia mahakimu nyongeza ya muda miaka yote hii, hawezi kujipa yeye. Ila aliapa hatatoka langoni akimwacha ndani mtoto aliyepitisha muda. Alibaki mmoja, Muthomi, asiye na mtu wa kumdhamini. Bi. Gladys alizunguka hadi akampata shangazi yake, na jana Muthomi akaondoka.

Ahsante, Bi. Gladys. Tutakukosa sana. Tunakutakia maisha mema na marefu huko Kianjokoma, na hayo hatuyawekei kikomo.