Kulow Abdiqani na Kitambaa cha Upepo

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, baada ya swala, Fundi Kulow Abdiqani Aweys anaweka chini nyundo ya karakana yetu ya Kivulini hapa Garissa, baada ya miaka thelathini na mbili ya kazi. Aliyepangiwa kuandika wasifu huu ni Najib wa ofisini. Alikuja langoni ninapouza chai na anjera, chapati zetu laini, akaniuliza Kulow alizaliwa mwaka gani, akaniuliza alisoma wapi, akaniuliza anapenda nini. Nikamwambia, "Najib, lete kalamu. Wewe utaandika mistari miwili, na huyu mtu mimi nimembeba mgongoni." Akaileta huku anacheka.

Kwa hiyo anayeandika ni mimi, Weris, mama mzazi wa mstaafu. Nyinyi mafundi wote mnaniita Hooyo, yaani mama, na chai yangu mmeinywa tangu lango lile likiwa matawi ya miiba. Kusoma nilisomea darasa la watu wazima, jioni, baada ya kuosha vikombe. Nikimsifu kupita kiasi mnisamehe. Lakini sitapita kiasi, maana kiasi chenyewe ni kikubwa.

Kulow alizaliwa mwaka 1965, upande wa Kotile, tukiwa safarini na mifugo. Kwetu sisi wafugaji, nyumba ni kazi ya wanawake. Mwanamume atajua ngamia, atajua visima, lakini nyumba anajenga mama: unapinda fito, unafunga kwa kamba zilizolowekwa zilainike, unatandika mikeka juu, na siku ya kuhama unaifungua yote na kuipakia juu ya ngamia. Nyumba hiyo tunaiita aqal. Mimi mabinti walichelewa kuja, basi aliyenishikia kamba akawa Kulow. Kaka yangu Abdiwahab alikuwa akipita anamcheka. "Dada, huyu tumtafutie mume?" Kulow, bila kuinua kichwa, akamjibu mjomba wake, "Abti, tafuta tu, bora asiwe na nyumba mbovu kama yako." Abdiwahab alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku nilipojua huyu mtoto hataaibika kirahisi.

Sasa kuna jambo moja, na bila hilo huwezi kumjua Kulow. Kabla ya kusimamisha aqal, mwanamke huchota vumbi kwa mkono, analirusha juu, anaangalia linaelekea wapi. Mlango lazima uupe upepo mgongo. Mkono wa Kulow ulikuwa mdogo, vumbi lilimrudia machoni kila mara. Siku moja akachana kipande cha shaash yangu nyekundu, kilemba changu cha harusi, akakifunga juu ya fimbo, akaisimika. Nilimchapa. Kisha nikakitazama kile kitambaa kinavyocheza, nikaona, loo, hii ni akili. Tangu hapo nikawa namwambia, "Weka kitambaa chako kwanza."

Alijifunza useremala hapa mjini, na mwaka 1993 Kivulini wakamchukua. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, kivuli cha mbao na mabati cha watoto kusomea, maana madarasa yalikuwa hayajatosha. Kulow alitoka chuoni na vyeti vyake vipya, na akili ya ujana ikamwambia kitambaa ni mambo ya mama zetu. Hakukiweka. Akajenga kitu kizuri, kimebanwa kama sanduku, na mbele akakigeuzia barabara ili wageni wakione vizuri. Kwetu mgeni ni mkubwa, ndiyo, lakini upepo nao ulikuja kwa barabara ile ile. Wiki ya pili uliingia ndani, ukakosa pa kutokea, ukabeba paa lote. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu watoto walikuwa wameenda nyumbani kula. Paa lilikutwa limekalia mkokoteni wa punda, na punda mwenyewe amesimama anatafuna, hana habari. Mafundi walimwimba mwezi mzima: "Vivuli vya Kulow vinahama kama wafugaji wenyewe!"

Alirudi nyumbani amefunga begi lake. Alitaka kuacha, aende na mjomba wake Abdiwahab kwenye kazi ya lori. Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Nyumba mimi nimejenga na kubomoa mpaka sijui hesabu. Wewe imeanguka moja tu, unalia?" Nikampeleka uani, nikamwonyesha mkeka wa aqal, nikamshikisha mkono. Mkeka unapumua. Upepo unapita kidogo, haugombani na nyumba. Na fito zimefungwa kwa kamba, zinainama, zinarudi. Alikaa pale anapapasa mkeka kama mtu anayenunua nguo. Kesho yake akarudi Hagadera na fimbo na kitambaa chekundu, akasimika mbele ya mafundi wote, wakacheka, akaacha wacheke. Kivuli alichojenga baada ya hapo kilitumika mpaka watoto waliosomea chini yake wakaleta watoto wao.

Ndiyo ukawa mtindo wake. Nendeni mkaangalie kazi zake. Mabati yakipigwa na jua la saa nane, chini yake unaweza kuoka anjera bila moto. Basi yeye huweka mabati juu, fito na mkeka chini, na katikati anaacha nafasi joto litoke. Upande wa magharibi paa analishusha chini, maana jua la alasiri ndilo adui. Sakafu zake za mbao ameziinua kutoka ardhini, na kati ya ubao na ubao pana nafasi ya kidole, vumbi lianguke, ubaridi upande juu, na mvua ikija mbao zipate pa kuvimbia. Nguzo haigusi udongo kabla ya kunywa oili chafu ya lori, kwa sababu mchwa wa hapa, anasema Kulow, wana meno ya chuma. Na ule mti wa mathenge, tunaoulaani sote kwa kuharibu meno ya mbuzi, yeye ndiye aliyeanza kuukata na kuufanya nguzo za ua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hooyo, adui akiwa mgumu hivi, mpe kazi ya askari."

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Kule Kotile alizungushia shule ua mzuri wa nguzo na mbao, umenyooka kama safu ya swala. Lakini alikuwa nyumbani kwao, karibu na mifugo aliyokulia, na mikono ikajisahau. Lango akalifanya jembamba kama lango la zizi, pale mbuzi wanapita mmoja mmoja unawahesabu. Lori la madawati likafika, likabaki nje. Mwalimu mkuu, tunayemwita Maalim, akaja kusimama pale na kofia yake mkononi. "Kulow, umenijengea shule au boma?" Kulow akaona haya, akachukua msumeno apanue. Maalim akamzuia. "Ngoja, panua lile la nyuma. Hili liache. Tangu juzi hakuna mtoto ametoroka, wote nawahesabu hapa." Mpaka leo lango lile liko.

Tarbaj alikaa muda mrefu. Pale kwenye zahanati, akina mama wajawazito walikuwa wakingoja zamu yao wamekaa kwenye mchanga, na mchanga wa Tarbaj mchana ni makaa. Kulow aliwajengea sakafu ya mbao na paa lake, na kwenye nguzo akaweka mbao za kuegemea mgongo, kitu ambacho hakikuwa kwenye mchoro. Aliwauliza akina mama wenyewe mgongo unauma wapi. Mwanamume gani anauliza hivyo? Yule aliyelelewa akishika kamba ya mama yake. Kuna watoto wawili Tarbaj wanaitwa Kulow. Mimi nawahesabu wajukuu wangu, wazazi wao wakipenda wasipende.

Amefundisha mafundi wengi, na aliyefika mbali zaidi ni Hamse, ambaye sasa ana kampuni yake Mandera. Hamse ni mtoto mzuri, amekunywa chai yangu, simsemi vibaya. Lakini mwezi uliopita alikuja na gari, akakaa na mwalimu wake chini ya mti, akamwomba akistaafu aende Mandera kumsimamia ujenzi wa hoteli kubwa: vivuli, sakafu za mbao, ua pande zote. Miaka mitatu. Heshima, nyumba ya kukaa, kila kitu. Kulow akasema atafikiria.

Hapo ndipo roho yangu ilipo, na sitaficha, maana nyinyi ni watu wangu. Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi naongeza: wala hamnyoi mama yake. Miaka hii yote Kulow amewafunika watu wa Hagadera, wa Kotile, wa Tarbaj. Mimi hapa Garissa nahama na mkeka wangu kuizunguka nyumba, asubuhi upande huu, alasiri upande ule, kama ng'ombe anayefuata kivuli cha ukuta. Simlaumu. Alikuwa akirudi Alhamisi na vumbi hadi kwenye kope, Jumamosi ameondoka. Kila safari, "Hooyo, nikimaliza hii tu." Na mimi nilikuwa nasema, nenda, wale wanaungua zaidi.

Lakini sasa umri wangu umekuwa mkubwa. Vidole bado vinajua mafundo ya aqal, naomba Mungu asivichukue mapema. Sikutaka anijengee tu. Nilitaka tujenge, yeye na mimi, kivuli kimoja, fito zake na kamba zangu, kabla vidole havijakataa. Miaka mitatu ya Mandera kwa mtu wa sitini si kitu. Kwa mama yake ni kitu kingine. Nilipomuuliza ameamua nini alisema, "Tutaona, Hooyo, inshallah." Mke wake Batula naye nikamuuliza, akasema yeye amepewa jibu lile lile.

Basi nigeukie shukrani. Shukrani kwa Kivulini, mliompa kazi na hamkumfukuza paa lilipokalia mkokoteni wa punda. Shukrani kwa mafundi mliomcheka kisha mkamfuata. Leo nawaona nanyi mnatembea na vitambaa, msidhani sijaona. Shukrani kwa Batula, aliyelea watoto sita wakati baba yao yuko njiani, na hakuna hata mmoja aliyeharibika. Batula, wewe nawe unastahili sherehe yako, na chai siku hiyo ni juu yangu.

Wasifu huu ningeumalizia hapo, na jambo la Mandera nilikuwa nimeliacha hivyo hivyo, halina jibu. Lakini Jumatatu asubuhi nilitoka na birika langu, nikakuta fimbo imesimikwa katikati ya ua wetu. Juu yake kitambaa chekundu. Kulow alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kikombe mkononi, anajifanya haoni.

"Kulow, hii ni nini?"

"Naangalia upepo, Hooyo."

"Upepo wa hapa huujui? Umezeeka nao."

"Wa kwa watu naujua. Huu wa kwako sijawahi kuupima."

Nikamjazia kikombe chake mpaka juu. Baadaye nikasikia amempigia Hamse, anamwambia atampelekea fundi mwingine kijana, hodari, na yeye mwenyewe atakwenda kutazama kazi siku za baridi, kama mgeni, arudi.

Mwanangu Kulow, kwa niaba ya karakana nzima, tunakuombea uzee wenye afya, siku ndefu zisizo na haraka, na usingizi wa mchana ambao hukuwahi kuupata. Kivuli ulichowapa watu, Mwenyezi Mungu akupe mfano wake, hapa duniani na siku ile ambayo hakutakuwa na kivuli ila chake. Sherehe ikiisha usikawie kwa salamu. Kitambaa nimekiangalia siku zote hizi, upepo unatoka upande wa mto, mlango tuugeuzie kwa jirani.

Kamba nimeshaziloweka.