Kiondo Kisirudi Kitupu

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki hata mlangoni, mimi Rama niliyekuwa nikimwita mtu aliye ng'ambo ya soko la Thika akageuka. Ali, kaa huku kwenye mkono wa kuume. Tausi, nawe keti. Hapana, si Tausi, Tausi ni mama yenu na tulimzika kabla ya mvua za mwaka jana. Wewe ni Fatu, nisamehe mwanangu, sura ni ile ile, na akili yangu leo inaingia na kutoka kama kuku asiye na banda. Maalimu yupo? Yupo, naiona kofia yake. Na yule kizingitini ni nani? Idah. Idah wa Gitothua, binti wa Mumbi. Ingia ndani, mama, kizingitini si mahali pa mgeni, na hicho kiondo ulichokuja nacho kiweke hapa nikione.

Kina nini? Nduma, magimbi ya shambani kwenu. Mungu akuzidishie. Fatu, zipeleke jikoni uzichemshe, lakini kiondo chenyewe kiache hapa hapa, msikirudishe kwanza, kuna neno nililotaka kusema juu yake na sasa limenitoka. Litarudi.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii, na kipande cha nyuma chenye migomba, ni vyenu ninyi wawili, na mgawane kama sheria ya Mungu ilivyopanga, maalimu atawasimamia. Ali, usiseme kwamba Fatu ameolewa Ruiru kwa hiyo ana nyumba yake. Cha kuazima hakisitiri matako, na nyumba ya mume ni ya mume mpaka siku ya kununa. Mbuzi mwekundu ni wa jirani, alikuja mwenyewe akapenda kukaa, mrudisheni. Saa ya ukutani haifanyi kazi, msiigombanie.

Sasa duka, kile kibanda changu cha viondo. Hili ndilo linaloninyima kufa kwa amani. Jana, au ni juzi, nilisikia sauti ya Kagwe, yule mchuuzi wa viondo, pale barazani akisema na Ali polepole, kama watu wasemavyo mgonjwa akilala. Sikuwa nimelala. Kagwe anataka kulinunua duka na vyote vilivyomo siku nitakapofukiwa, na wewe Ali hukukubali wala hukukataa, ulisema tu, "Tutaona, mzee." Nilikasirika nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Basi nitasema nikiwa nimelala hivi hivi, nawe utanisikiliza, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama yangu alisuka mikeka maisha yake yote kule pwani, na kila tajiri aliyekuja kuichukua alimwambia kwamba mjini bei imeshuka. Nilipopata miguu ya kwenda mjini nikauona mkeka wake umetandikwa dukani, naujua kwa ule ukindu mweusi wa pembeni, nikauliza bei, kisha nikatoka nje nikaketi vumbini. Nilipomwambia, aliangalia vidole vyake tu. Nimeviona vidole hivyo kila siku tangu hapo. Hata sasa naviona, pale kwenye... nani amefunga dirisha? Lifungueni.

Nilikuwa wapi? Gitothua. Ile miaka ya hali ya hatari, watu walipokusanywa kijijini wakazungushiwa handaki, mwanamke wa Kikuyu akawa hatoki bila ruhusa, lakini mimi, kwa kuwa si Mkikuyu, nilipanda treni Ruiru nikashuka Thika na mzigo wangu bila kuulizwa sana. Kagwe alikuwa na urafiki na walinzi wa lango. Akawa anaingia na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, anatoka na viondo. Mama anachuma mkonge, anaupara, anausokota pajani mpaka ngozi inachubuka, anatia rangi, anasuka, halafu anapewa chumvi ya kuunga mboga. Walinung'unika, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Ndipo Mumbi, mama yake huyu Idah, akanishika mkono langoni akanipa kiondo. Nikamuuliza bei, akasema, "Mzee Rama, mimi sikuuzii. Kauze wewe, ukirudi uniambie ukweli wa bei mbele ya wenzangu, halafu tutaona cha kuipa miguu yako." Sikuelewa. Tangu nizaliwe nilikuwa sijaona biashara ya kumfichulia mwenye mali bei ya mjini. Kwa wafanyabiashara hilo ni kama kuvua nguo sokoni. Lakini nilikibeba. Mzungu mmoja, mke wa mwenye shamba la kahawa, akakinunua pale stesheni, akasema atakitundika ukutani, na mpaka leo sijui kwa nini mtu atundike ukutani chombo cha kubebea viazi. Nikarudi, nikaitaja bei mbele ya wanawake wote, na wao wakacheka! Walidhani naongeza ili nijipendekeze. Mumbi hakucheka. Kesho yake walinijazia viondo nikashindwa kutembea.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, wanangu, haikuanzia kichwani mwangu, ingawa watu wa huku Makongeni wananipa mimi sifa. Bei inasemwa hadharani, msusi anachukua chake, mchukuzi anapewa cha miguu, na kidogo kinabaki cha kununulia mkonge na cha mama aliyejifungua au anayeumwa. Fungu hilo la mama halikupungua hata masika yale mvua ilipokwamisha treni.

Na hapo ndipo kichwa changu kinapogoma. Ni mali ya nani? Kibanda nilikijenga kwa mikono yangu, mabati ni yangu, kile kibao cha mlangoni kina jina langu. Viondo si vyangu. Lakini wateja je? Yule Mzungu akija husema "kwa Rama," hasemi "kwa Mumbi." Huo uaminifu wake urithiwe na nani, na ugawanywe vipi, nusu kwa Ali na robo kwa nani? Nimemuuliza maalimu, maalimu akauliza kitabu, na mpaka leo anakipekua. Msicheke. Nimekuwa nikilala na swali hili na kuamka nalo, na kila nikidhani nimelishika linaniponyoka.

Ila jambo moja ninalijua, na hilo lishikeni hata kama mengine yote nimeyavuruga. Viondo vile ni amana, na amana haiingii katika mirathi. Nawajua. Nikishazikwa mtafunga duka kwa heshima, mtawaita wazee, mtaandika kila kilichomo kama mila yetu inavyotaka, na kwa nia njema kabisa mtagawana jasho la watu kwa jina la marehemu. Kisha Ali atamuuzia Kagwe fungu lake, na Kagwe atakuwa amepata kwa mkono wa mwanangu kile nilichomnyima langoni.

Na tena, Ali, umeyafanya mambo kuwa magumu bila kujua. Kila mama huacha mikia ya nyuzi ndani ya kitako cha kiondo, na kila mmoja ana fundo lake, ndivyo tulivyokuwa tukijua hiki cha nani na kile cha nani. Wewe ukaona ni uchafu, ukachukua mkasi ukaikata yote ili viondo vipendeze kwa Wazungu. Sikugombezi, mwanangu, ulitaka kunisaidia. Nilipoingiza mkono ndani nikakuta laini, nilihisi nimeingia nyumba ya watu wengine.

Basi fanyeni hivi. Kabla hamjaandika chochote, tandikeni mikeka nje ya duka, mtoe viondo vyote, na Idah awaite akina mama waje. Sasa wanaruhusiwa kutembea. Mama hasahau mkono wake. Wakigombana, waacheni wagombane wao kwa wao, ninyi msitie neno. Na Kagwe akija mazikoni msimfukuze, mpeni nafasi atie udongo, nimemsamehe ya chumvi. Lakini duka asiliguse. Maalimu, hayo umeyasikia, wewe ni shahidi. Mrithi haachiwi wosia, hilo najua, lakini nina thuluthi yangu ya kumpa asiye mrithi, na maalimu amepima, kibanda kinaingia humo.

Maji. Kidogo tu. Ahsante, Tausi.

Mumbi, wewe bado upo? Treni ya Ruiru imeshaondoka? Utachelewa langoni, mama, watakusumbua. Hicho kiondo ni cha nani? Ni cha Idah... ndiyo, Idah, Mumbi yuko kaburini, mniwie radhi, nawaona wawili mmekaa mahali pamoja. Kiondo. Ndiyo! Ndilo neno lile. Kililetwa na nduma, na chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Mama yenu alikuwa akitia hata kiganja cha maharagwe, hata ndimu moja, maana mkono mtupu haulambwi. Fatu, tuna nini ndani? Sukari imekwisha? Unga? Aibu gani hii, Rama kurudisha kiondo kitupu siku ya mwisho.

Ngojeni. Chini ya mto. Fatu, nyanyua kichwa changu. Hapo, kimefungwa kwenye leso ya mama yenu. Ufunguo wa duka.

Mpe kaka yako. Ali, nataka uutie kiondoni wewe, kwa mkono wako, mbele ya maalimu, mbele ya dada yako. Siwezi kukulazimisha, mkono wangu hauinuki tena. Mimi ni mchukuzi tu, na wewe ni mwana wa mchukuzi. Na wakikuhitaji akina mama, utawabebea viondo mpaka stesheni, utaitaja bei yote hadharani, nao watakupa cha miguu, nawe utakula kwa raha. Nikikosea, nimekosea. Sijui kama hivi ndivyo vitabu vinavyosema. Nimechoka kujiuliza.

Unangoja nini? Ali?

...

Ufunguo umelia kitakoni. Nimeusikia. Mungu akupe watoto wakusikilize kama ulivyonisikiliza, Fatu awe na mlango usiofungwa, Idah mikono yako isiote sugu bure, na nyote mzeeke pamoja. Usilie, mwanangu. Mpe kiondo chake aende, asichelewe treni.

Fatu... zile nduma. Zimeiva? Mpe kaka yako ale kwanza.