Kipimo cha Toa Mguu

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Mama alisema alizaliwa akipiga mateke na hakuwahi kuacha. Mezani goti lake lilitikisa vikombe vyetu sote, na Baba akitaka kufungua saa ya mteja, ilibidi kwanza kaka atolewe nje.

Alimaliza sekondari mwaka 1980 na kuhitimu chuo cha eksirei Novemba 1984. Siku alipoona kwa mara ya kwanza mkono wa mtu ukijikunja kwenye skrini, mifupa ikitembea papo hapo, alishindwa kula chakula cha mchana.

Aliajiriwa hospitalini tarehe 7 Januari 1985. Kuanzia 1998 alikuwa chumba namba nne, ambako daktari hupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, bila kupasua kifua, akiongozwa na picha ya eksirei inayotembea. Mionzi hutoka kila daktari anapokanyaga pedali. Kaka alisogeza mashine na kuhesabu sekunde. Siku moja alimfokea bingwa aliyetoka masomoni: "Daktari, hiyo ni picha, si sinema. Umeshaona, toa mguu!" Bingwa akanuna, akautoa. Tangu hapo hata wafagizi walimwita Toa Mguu.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na mshonaji wa hospitali, aliyekuwa akitengeneza mikanda ya aproni za risasi, zile nzito za kuzuia mionzi. Ukimuuliza wifi yangu alimpendea nini, hujibu: "Alinichosha tu. Kila siku ananiletea mkanda umekatika, na mimi naona kabisa umekatwa na mkasi." Walijaliwa binti na mwana.

Sasa nafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliagiza nisiruke. Kila anayefanya kazi chumba kile huvaa kifuani kipimo kidogo kinachorekodi mionzi aliyopokea. Ikizidi kiwango, anaondolewa. Mwaka 2009 fundi mwenzake wa eksirei alihama, kaka akabaki fundi peke yake. Alijua akiondolewa, chumba kitafungwa na wagonjwa watapasuliwa, au watasubiri mpaka wachoke kusubiri. Akawa anakiacha kipimo kabatini, ndani ya kandambili. Kwa miaka kumi na miwili majibu yake yalisomeka kama ya mtu aliye likizo.

Februari 2022, mwaka mmoja baada ya kustaafu, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Hakuna daktari aliyetuambia ni mionzi, wala aliyetuambia si mionzi. Tumebaki hapo katikati, na hapakaliki.

Binti yake, ambaye tangu 2019 ni muuguzi wa chumba hicho hicho, alimuuliza kitandani: "Baba, miaka yote unafokea miguu ya watu. Kipimo chako kilikuwa wapi?"

Goti la kaka lilitembea chini ya shuka.

"Kabatini," akasema. "Na chako?"

Binti akatazama dirishani.

Ndipo kaka aliponigeukia. "Mdogo wangu, siku ya kusoma wasifu wangu usinipambe. Waambie. Wenzake huyu wote watakuwepo."

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, goti lilitulia. Wifi aliweka kiganja juu yake akangoja muda mrefu, kama mtu asiyeamini saa imesimama.

Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na nyinyi wa chumba namba nne, mliokaa safu ya pili. Juzi wifi alitoa uzi na sindano, akashona mfuko wa kipimo kifuani mwa aproni ya binti, akapitisha uzi mara mbili. Jumatatu binti anarudi kazini. Jioni yake nitampigia simu, na Jumanne, na siku zitakazofuata, nimuulize swali moja tu.

Kaka, goti lako lilale sasa. Nawe ulale nalo.