Mawaridi Tisa ya Nahodha

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha magazeti na sigara, mkabala na geti la uwanja wa Borkenbeck, na wanaolikalia ni watu ambao magoti yao yameshastaafu. Mimi ndiye Lore. Nachemsha kahawa na kusikiliza, na nikisikia jambo, Mungu anisamehe, silali nalo. Jumamosi ile ya Mei walikuwepo watatu. Refa, aliyepuliza filimbi wilayani miaka thelathini na hajakiri kosa hata moja. Profesa, anayejua mabao yote ya klabu kwa tarehe, ila siku ya kuzaliwa ya mkewe haijui. Na mzee Alfons Wieczorek, aliyechimba makaa mpaka mgodi ukafungwa, baba yake Henning, nahodha wetu, mshambuliaji wetu namba tisa, miaka thelathini na sita. Alfons huweka kofia yake pale mwisho wa benchi, ubavuni pake, na hakuna anayethubutu kupakalia. Basi nikafungua mdomo.

— Muuza maua kapita kununua sigara. Anasema klabu imeagiza shada moja la kesho. Mawaridi meupe tisa.

Kwetu mchezaji anayeondoka hupewa maua katikati ya uwanja kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Nahodha huyachukua dukani Jumamosi, nahodha huyakabidhi Jumapili. Kwa hiyo nilijua ni bomu gani ninalowatupia.

— Tisa? — Refa akaweka kikombe chini. — Tisa kamili?

— Si nane, si kumi. Mwenyekiti mwenyewe kasema.

— Acheni presha, — Profesa akasema. — Shada halifungwi maua ya idadi shufwa, ni mkosi. Saba, tisa, kumi na moja. Hesabu tu hiyo.

— Hesabu ya kwenu! — Refa akadakia. — Wachezaji wote wameshaitwa ofisini kwa ajili ya msimu ujao, hata yule kipa anayedaka kama anafukuza nyuki. Henning hajaitwa.

— Henning ni nguzo. Nani huita nguzo ofisini?

— Nguzo haijafunga bao tangu Februari.

— Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo kamwambie mtu wa posta, siyo mshambuliaji!

Alfons alikuwa akizungusha kikombe chake tu, hanywi.

— Mabao mia mbili na kumi na mawili, — Profesa akaendelea, mkono kifuani kama anaapa. — Daraja la sita, sawa, lakini ya mwanzo aliyafunga kwenye ule uwanja wa majivu mekundu, ukianguka unarudi nyumbani na nusu ya uwanja ndani ya goti.

— Na dakika kumi na moja daraja la tatu, — akasema Refa.

Dakika hizo huwa hatuzitaji mbele ya Alfons. Henning alikuwa na miaka ishirini na mmoja, klabu kubwa ikamchukua, wakamwingiza dakika ya sabini na tisa, na ya tisini goti likakatika. Akarudi kwetu, akajifunza ufundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto, na tangu hapo kila Jumapili anajifunga bandeji anaingia.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Refa akahukumu.

— Alisikia, — Alfons akasema. — Kocha alimwambia kimbia. Akakimbia.



— Maua ni ya Irmgard, yule anayefua jezi, — Profesa akajaribu.

— Irmgard akipewa maua, — nikasema, — atauliza iko wapi mashine mpya ya kufulia.

— Sikilizeni, — Refa akasogea mbele. — Wameleta mshambuliaji mwingine. Katoto ka miaka kumi na tisa kutoka ng'ambo ya mfereji.

— Ng'ambo ya mfereji? Bora tucheze kumi!

— Au wanauza uwanja. Wanajenga supamaketi. Pale pa penalti watapanga jibini.

— Refa, acha fiksi.

— Au… — akashusha sauti. — Jumanne nilimwona Henning hospitali. Mawaridi meupe, Profesa. Meupe ni ya kaburini.

— Alikuwa anatengeneza mabomba pale, mwehu wewe! — nikamfokea.

— Wote husema hivyo.

Kahawa ya Alfons ikamwagikia suruali. Hakuipangusa.

— Jana alinipigia simu, — akasema. — Akaniuliza kama kesho nitakuja. Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kukosa.

— Ukamjibu nini?

— Nikamwambia, swali gani hilo, mjinga wewe. Nikakata. Sijalala mpaka sasa.

Wakati huohuo Henning akatokea upande wa duka la maua, na ovaroli lake la kazi, kitu kimefungwa karatasi kwapani.

— Shikamooni wazee. Shangazi Lore, nipe kahawa.

Aliyeitikia ni mimi peke yangu.

— Katibu kanipigia, — akasema. — Kama kawaida yake: nahodha, kachukue maua. Akakata kabla sijauliza ya nani. Mwenyekiti hapokei simu. Nikasema nipite hapa, nyie mnajua mpaka ndoa zitakazovunjika wiki ijayo. — Akaifunua karatasi. — Kesho namkabidhi nani haya?

Refa akatazama geti kana kwamba kuna mtu kaotea. Profesa akafungua daftari lake la mabao juu chini na kulisoma. Mimi, ambaye miaka sabini na minne sijakosa neno, nikakimbilia chupa ya kahawa, nikaiinamisha. Matone matatu.

— Imekwisha, — nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Nikaona midomo ya Henning inahesabu. Ilipofika mwisho ikabaki wazi kidogo.

Alfons akanyoosha mkono, akaitoa kofia yake kwenye benchi, akaivaa.

Henning akapatazama pale palipobaki tupu, pa kukaa mtu mmoja. Akalitazama geti. Hakukaa. Alimpa baba yake shada amshikie, akainama kukaza kamba za viatu vyake vya kazi, na mimi niliziona vizuri kabisa: hazikuwa zimelegea.