Mzee Yai na Yai Lisilokuwepo

Idara inatangaza rasmi, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba kikombe cha bluu kilichovunjika mkono hakitaonekana tena kwenye rafu yetu. Mwenyewe, fundi mkuu wa mitambo ya mguso, alistaafu Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Alianza kwa kukaza skrubu. Akafikia kubuni ule mkono wa chuma wa meza ya dirishani: unavaa miwani ya uhalisia pepe, unaona yai, unalishika. Yai halipo, lakini mota zinavisukuma vidole vyako mpaka unaapa lipo. Ukibana mno, linapasuka. Ndiyo maana tulimwita Mzee Yai. Mama watoto wake aliwahi kutuambia, mbele yake, kwamba ya ofisini anayalea kama wajukuu. Ya nyumbani yanamvunjikia kabla ya kufika kwenye kikaango.

Vipimo tunavyo, tena vya kisasa. Lakini mpaka Mzee ashike yai, afumbe macho, aitikie kwa kichwa, hakuna mtambo uliofungwa kwenye boksi.

Mwaka jana mkono ule ukaanza kutetemeka. Tulibadilisha mota, tukabadilisha nyaya, tukaandika upya programu inayoziongoza. Wiki saba za kulaumiana! Hakuna mwingine aliyeujaribu. Nani ashike kabla ya Mzee? Asubuhi moja akauachia. Ukatulia tuli. Akautazama mkono wa kwake, akasema mashine ni nzima, mbovu ni yeye. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini siku zile chai yake ilikuwa nusu kikombe.

Angeweza kuaga siku ileile. Alibaki miezi kumi na moja, akiifundisha programu kutenganisha mtetemo wa mtu na nia yake. Sisi hofu yetu ilikuwa moja: asije akaondoka bila kulishika tena yai lake.

Jumatano ya mwisho alivaa miwani, akalinyanyua. Akalishikilia mpaka mtunza stoo, mtu asiyetoa hata skrubu moja bila sahihi, akaanza kufuta machozi. Halikupasuka. Mzee akaitikia kwa kichwa. Boksi likafungwa.

Asante, Mzee wetu, kwa mkono huo, ulipotulia na ulipotetemeka. Kapumzike. Tunakuombea siku nyingi, na chai iliyojaa kikombe.

Kikombe chenyewe umekisahau. Kiko kwenye rafu.